Fidia ya Kiti cha Maulidi

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeamua. Kesi hii naishinda kabla ya Ramadhani. Wiki nne zimebaki. Zinatosha kabisa!

Humu naandika mambo yalivyo, maana hakuna anayesoma. Mimi, Kitwana, kinyozi wa Dunda hapa Bagamoyo, nilianguka kutoka kwenye kiti cha plastiki siku ya maulidi, Mfungo Sita uliopita, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kiti ni cha Sufiani. Turubai la Sufiani, viti vya Sufiani, vipaza sauti vya Sufiani. Mji huu hauwezi kuoza binti wala kuzika mzazi bila kumpigia simu Sufiani. Mguu wa kiti ulikuwa na ufa, na ufa wenyewe umezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa kwenye moto. Watu wameuona. Uzembe mtupu! Nikamshtaki Mahakama ya Wilaya, nadai fidia.

Sasa la siri. Sikuwa nimekaa. Nilikuwa nimepanda juu yake. Kidogo tu! Pazia la upande wa wanawake lilikuwa refu, na nyuma yake alikuwako Wahida. Mke wangu. Alikuwa ameshakwenda kwao Mbegani kwa hasira, kwa sababu ya kware niliowaweka chini ya kitanda, mradi ambao ungetutajirisha kama si harufu. Nilitaka nimwone tu. Na nilimwona! Alijitanda mtandio wa zambarau, ule wa arusi ya binamu yake. Kisha kiti kikalia kra.

Hilo halimo kwenye hati ya madai. Kwenye hati ya madai nimekaa.

Desturi inataka niende Mbegani na mzee mmoja, nikae mkekani mbele ya baba yake, Mzee Dadi, niseme nimekosa, kisha nirudi na mke wangu. Dada yangu Zaina ananiimbia hilo kila siku. Lakini niende kama nani? Kware wamekufa, mkono umevunjika, na kibanda cha kunyolea kina kioo chenye ufa. Nitakwenda nikiwa nimeshinda. Nitakwenda na hukumu yenye mhuri. Wahida atajua kwamba aliolewa na mwanamume wa maana.

Nimemkumbuka kutwa nzima. Hasa anavyokohoa kidogo kabla ya kusema jambo ambalo sitalipenda.

Jumatano, 5 Februari

Usuluhishi. Ndivyo sheria inavyotaka. Kabla kesi haijasikilizwa, mdai na mdaiwa hukalishwa na msuluhishi wajaribu kupatana. Wakishindwa, shauri linakwenda kwa hakimu mwingine, na yaliyosemwa chumbani yanabaki chumbani.

Sufiani alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Akanipa salamu, akaniuliza hali ya mkono. Mnafiki! Huyu alipeleka posa kwa Wahida kabla yangu, akakataliwa. Tangu siku hiyo ananifanyia wema popote anaponikuta. Sijamsamehe.

Msuluhishi, mama mpole mwenye miwani, akamuuliza Sufiani ana la kusema. Akasema kiti kweli kilikuwa kibovu na anaomba radhi. Gharama zote za hospitali atazilipa, na ataongeza kitu kwa ajili ya maumivu. Hapo nilikuwa nimeanza kulegea. Kisha akaongeza kwamba siku nitakapompokea Wahida nyumbani, atanipa turubai na viti bure.

Nilisimama. Nikasema sitaki viti, nataka haki! Mama akaniomba nikae, akauliza basi nataka kiasi gani. Nikakitaja. Akavua miwani, akauliza kama hicho kiti kilichoniangusha kilikuwa mali ya sultani.

Usuluhishi umeshindikana. Njiani nikawaza kwamba ningekubali, jioni hii hii ningekuwa Mbegani. Nilifukuza wazo hilo. Ningekwenda kumwambia nini Wahida, kwamba Sufiani kanihurumia?

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda kwa Nadhira, wakili kijana anayewasaidia watu bure siku za Jumamosi. Ana adabu sana. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mtu mwenye shauri kubwa.

Akaniambia kuumia peke yake hakumpi mtu fidia. Mahakama itataka kujua kwanza kama Sufiani alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa watu wanaotumia viti vyake. Pili, kama aliuvunja wajibu huo. Halafu, kama kuvunja kwake ndiko kulikoniumiza, na si jambo lingine. Hilo la mwisho alilisema polepole huku ananitazama.

Fidia nayo ina sura mbili. Kuna hasara maalumu, yaani fedha zilizonitoka kweli. Hizo kila kitu kwa ushahidi, bila stakabadhi hupati. Na kuna fidia ya jumla, ya maumivu na usumbufu. Hiyo haina stakabadhi, hakimu anapima mwenyewe kwa kutazama ukubwa wa jeraha na mashauri mengine yaliyofanana. Nikamuuliza kama kumkosa mke kuna stakabadhi. Akacheka. Sikuwa natania.

Kisha akauliza nilikaaje. Nikasema nilikaa kama watu wanavyokaa. Akasema kama na mimi nilichangia kuanguka, niseme mapema. Mahakama haimfukuzi mtu kwa kuchangia, inagawa lawama, kila mmoja anabeba fungu lake. Lakini nikikutwa na uongo, hata yale ya kweli yataingia mashaka. Mwisho akasema nikiwa kizimbani nijibu nilichoulizwa tu, nisipambe.

Ushauri mzuri sana, kwa watu wenye kesi dhaifu.

Jumanne, 11 Februari

Stakabadhi! Za hospitali ninazo, ya picha ya mfupa na ya kufungwa plasta. Lakini mkono ulipofunguliwa nilikandwa na Mzee Msabaha wa Makurunge, kwa mafuta na majani ya moto, na huyo hatoi stakabadhi. Nikapanda bodaboda, nikamwendea.

Nilimkuta shambani. Nikamweleza. Akauliza kama nimeugua tena, safari hii kichwani. Nikamweleza tena. Mwishowe akakubali kuweka dole gumba kwenye kipande cha mfuko wa saruji, maneno niandike mwenyewe. Yeye tarehe za kizungu hazijui, anahesabu kwa mifungo, miezi ya mwandamo. Akanitajia siku alizonikanda. Nikazigeuza ziwe za kizungu pale pale kwa vidole, jua linachoma, bodaboda anapiga honi. Nimeandika kwa hati nzuri. Inapendeza.

Tulipofika barabarani bodaboda akauliza twende wapi. Nusura niseme Mbegani. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Jumatatu, 17 Februari

Habari mbaya. Mkono umepona.

Daktari kaukunja, kaukunjua, kanipa mpira niuminye. Nikauminya kwa unyonge. Akasema niuminye kweli. Akanipongeza! Nikamuuliza kama hakuna ulemavu wowote uliobaki, hata mdogo. Akafikiri, akasema pengine utauma wakati wa baridi. Baridi! Bagamoyo! Akaandika kwenye taarifa yake kwamba mgonjwa hana ulemavu wa kudumu.

Nilirudi nimekasirika. Zaina alipokea habari kwa alhamdulillahi na vigelegele, akanipa sufuria la wali nilibebe kwa mkono ule ule. Nikalibeba bila shida. Inasikitisha.

Ukweli, mkono wenyewe haukuniuma sana. Kilichoniuma ni vifungo vya shati. Kwa mkono mmoja huwezi. Kila asubuhi nilisimama katikati ya chumba kama mtoto anayesubiri kuvalishwa, na hakuna mtu. Nilikuwa najisahau, naita jina lake. Hilo daktari hakuliandika.

Alhamisi, 20 Februari

Sufiani amekwenda Mbegani! Zaina ndiye aliyeniletea habari. Amekwenda kumwomba Wahida awe shahidi wake, kwa kuwa alikaa karibu na pazia. Amekaa barazani kwa Mzee Dadi, amekunywa maji ya dafu. Dafu la mnazi nilioupanda mimi, mwaka niliooa! Wembe ukaniteleza, nikamkata mteja juu ya sikio.

Wahida amekubali. Amesema atasema aliyoyaona, hapunguzi wala haongezi.

Nilizunguka kibandani nikiwa na hasira. Halafu nikakaa. Wahida anakuja mahakamani. Nitamwona, chumba kimoja, hakuna pazia, kwa amri ya serikali! Mteja akauliza mbona nacheka peke yangu.

Nimefua shati la buluu. Nimenunua marashi. Zaina kaniuliza kama nimeelewa kwamba anakuja kutoa ushahidi dhidi yangu. Nikamjibu kwamba la muhimu ni kwamba anakuja.

Jumanne, 25 Februari

Naandika huku nimejifungia. Nisije nikacheka au nikalia mbele ya watu.

Chumba kilijaa. Dunda yote ilifunga biashara. Mzee Dadi benchi la mbele na bakora yake. Wahida nje, maana shahidi haingii kabla ya zamu yake. Hakimu ni mtu wa Njombe, Mkristo, mtulivu, anaandika kila kitu. Nikaapa kwa Msahafu.

Nikaeleza vizuri mno. Nikasema nilikuwa nimekaa kwa utulivu kitini, namsalia Mtume. Ningenyamaza hapo! Lakini Mzee Dadi alikuwa ananitazama. Nilitaka ajue kwamba mkwe wake ni mcha Mungu. Nikaongeza kwamba kiti kilivunjika katika saa tukufu kuliko zote za maulidi, wakati wa kisimamo, marashi yakinyunyizwa, na machozi yalikuwa yananitiririka.

Sufiani hana wakili. Akasimama kunihoji mwenyewe, kwa upole wake ule wa kuudhi. Akaniuliza swali moja tu. Wakati wa kisimamo, watu huwa wamekaa au wamesimama?

Ya Rabi!

Hakimu akaomba aelezwe. Sufiani akamweleza kwa adabu kwamba msomaji akifika hapo, pwani hii yote, kila mtu husimama kumsalia Mtume, mkubwa kwa mdogo. Hata mgonjwa hushikiliwa akasimama. Hakimu akanigeukia, akauliza kama mimi peke yangu nilibaki nimekaa.

Nikamtazama Mzee Dadi. Uso ule! Mkwe aliyekaa kitako watu wanamsalia Mtume! Huyo hata kwa hukumu kumi zenye mhuri hapewi mke. Nikasema hapana, Mheshimiwa, nilisimama. Hakimu akauliza sasa kiti kiliniangushaje. Nikasema nilisimama karibu nacho. Akauliza upande gani. Nikasema upande wa juu.

Karani alilazwa na kicheko mezani. Hakimu alisubiri watu watulie, akauliza nilipanda kufanya nini. Nikasema kurekebisha kipaza sauti. Sufiani akasema vipaza sauti vyake vilifungwa kwenye nguzo za nje, upande wa barabarani.

Kisha akaitwa Wahida.

Amekonda. Au ni buibui jipya. Alipita karibu yangu na harufu ya udi, ule udi anaochanganya mwenyewe. Nikasahau namba ya kesi, nikasahau jina la baba yangu. Akaapa. Akasema alikuwa upande wa wanawake, wote wamesimama, mara akaona kichwa juu ya pazia. Kichwa cha mume wangu, akasema. Alisema mume wangu! Mbele ya hakimu! Kichwa kilikuwa kinamtazama yeye. Halafu kikashuka kwa haraka.

Hakimu akasema mdai ana haki ya kumuuliza shahidi maswali.

Mimi! Miezi mitano natafuta nafasi ya kuzungumza na mke wangu, na leo sheria inanipa, na yeye analazimika kujibu. Nilikuwa na maswali mengi. Unakula? Kifua chako vipi? Unalala upande gani, ule wa ukutani bado? Utarudi lini?

Nikamuuliza alijuaje kwamba nilikuwa namtazama yeye, na si kipaza sauti.

Akakohoa. Akasema ameishi na macho hayo miaka minane, anajua yakimtazama yeye na yakitazama kitu kingine. Akasema na yeye aliniona kabla sijaanguka, na hakugeuza uso.

Hakimu aliacha kuandika. Hata Sufiani aliinamisha kichwa. Wahida alikuwa ananitazama mimi tu, ananisubiri, na wote wananisubiri.

Nikasema, Mheshimiwa, shahidi anakisia, naomba maneno hayo yafutwe.

Hakimu alikataa.

Tulipotoka nikamkuta Wahida koridoni na baba yake. Nikatoa salamu, wakaitikia. Akapita. Kisha, bila kusimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba ningesema tu. Basi, hayo tu. Nimeyafikiri tangu adhuhuri hadi sasa. Ningesema nini? Kwa kifungu gani?

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Kesi haijaisha. Hukumu tarehe kumi na tatu.

Nimefuturu kwa Zaina. Uji wake mzuri, hauna tatizo. Ila Wahida huusagia pilipili manga mwenyewe, na ukinywa funda la kwanza masikio yanafunguka. Na huwa ananiwekea tende kwenye kisahani cha kahawa, anaitoa kokwa kabisa, kwa kuwa mwaka wa kwanza wa ndoa nilivunja jino. Leo nilitoa kokwa mwenyewe. Nikaweka kikombe chini. Zaina akauliza kama uji una moto.

Namtaka mke wangu. Naliandika hivi hivi, maana humu hakuna anayesoma. Nyumba ile nikiingia siwashi hata taa.

Lakini subira. Siku chache tu, kisha nitakwenda Mbegani mbele ya watu, kichwa juu.

Alhamisi, 13 Machi

Hukumu. Nilikwenda na shati la buluu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Hakimu akasema anayekodisha viti kwa watu ana wajibu wa kuhakikisha vinamudu uzito wa mtu. Sufiani alijua mguu wa kiti una ufa, akauyeyushia plastiki, akakitoa tena kwa kodi. Huo ni uzembe. Niligeuka kuwatazama watu. Nusura nipige makofi!

Kisha akasema lakini.

Kiti kimetengenezwa kwa kukaliwa. Aliyekipanda kwa miguu amejitia mwenyewe hatarini, kwa hiyo theluthi mbili za lawama ni zake. Halafu hasara maalumu. Stakabadhi za hospitali kazikubali. Mapato niliyokosa kibandani kayakataa, kwa kuwa sikuleta uthibitisho wowote wa mapato. Nilikuwa nimeleta kiapo cha mteja mmoja, tena yule mwenye jeraha la sikio. Halafu akainua kipande cha mfuko wa saruji. Akakisoma kwa sauti. Kwa mujibu wa kielelezo hiki, mdai alikandwa mkono wiki nzima kabla ya kuanguka. Mifungo! Watu walicheka hadi askari akaomba utulivu.

Fidia ya jumla, kapima maumivu, kapima kwamba mkono umepona bila ulemavu, kanipa kidogo. Akasema angeamini zaidi simulizi ya maumivu yangu kama nisingeanza kwa uongo wa kukaa. Baada ya kukata fungu langu la lawama, na kila upande kubeba gharama zake, kilichobaki hakifiki nusu ya alichotaka kunipa Sufiani siku ya usuluhishi.

Na kuna aya moja. Karani kanipa nakala, naiandika hapa nilivyoisoma. Mahakama inaona kwamba mdai alipanda kiti kwa sababu alitamani kumwona mke wake. Hilo ni la kibinadamu, lakini si matumizi ya kiti.

Alitamani! Kwenye karatasi ya serikali, yenye mhuri! Mji wote sasa unanipigia salamu kwa neno hilo. Muuza kahawa kanitania, mwaka huu umefunga kutamani? Nimeaibika sana. Nadhira kanishauri nichukue nilichopata nimshukuru Mungu. Nikamwambia aniandikie rufaa ya Mahakama Kuu. Akakataa kwa adabu ile ile.

Ijumaa, 14 Machi

Zaina amerudi kutoka Mbegani na ujumbe. Nimemrudisha nyuma ausimulie tena, ili niuandike sawasawa.

Mzee Dadi aliporudi jana alimhadithia binti yake hukumu yote. Wahida alisikiliza. Ilipofika ile aya, akamwomba baba yake airudie. Kisha akaomba tena. Kisha akaingia ndani, akakaa huko muda, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Anasema kesho Jumamosi niende nikafuturu. Atapika tambi na magimbi ya nazi. Nisilete mzee, nisilete zawadi, na habari ya kware hataki hata isemwe. Ila kabla hatujala, mbele ya baba yake, niseme kwa mdomo wangu nilipanda kile kiti kumtazama nani. Neno moja. Nguo zake ameshazifunga, tukimaliza kula anarudi na mimi Dunda.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa Zaina na machozi yakanitoka, ya kweli. Kesho! Wahida nyumbani kesho! Nilimuuliza Zaina kama alikohoa kabla ya kusema hayo. Akasema hakukohoa hata kidogo.

Halafu nikakumbuka. Kesho alasiri hadi Magharibi ndiyo nafasi pekee ya bwana mmoja anayeandika rufaa, niliyemtafuta baada ya Nadhira kukataa. Nimeshampa ahadi. Na nikienda Mbegani na hukumu hii, nakwenda kama nani? Mtu wa theluthi mbili! Mwanamke kama Wahida haendewi hivyo. Anastahili mwanamume aliyeshinda.

Nimemtuma Zaina amwambie asubiri kidogo. Mahakama Kuu si mbali, mwaka mmoja, pengine miwili. Zaina akauliza kama nimeusikia ujumbe. Nikasema nimeusikia wote. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Wanawake hawana subira na mambo ya sheria.

Nimeanza kuandika sababu za rufaa mwenyewe, kesho tusipoteze muda. Ya kwanza imekaa vizuri sana: Kwamba Mheshimiwa Hakimu alikosea kisheria, na kinyume cha ushahidi uliokuwepo, kuamini kwamba mrufani alikuwa anamtazama mke wake.